Virusi vingi puani si lazima uwe ndiye utaumia

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, kuna hesabu moja tunaipiga vibaya kila msimu wa baridi. Msee akilazwa na homa kali tunasema, "Huyo virusi vimemjaa." Mwingine anapiga chafya mbili tatu na kuendelea na mambo yake, tunasema amepata kidogo tu. Inaingia akilini, lakini pua haifanyi kazi hivyo.

Nahisi tuliitoa kwa kliniki za ARV. Huku Nyanza wengi tumekua tukisikia habari za kiwango cha virusi: unatolewa damu, kiwango kikiwa juu mwili uko hatarini, dawa zikikishusha hadi kisionekane uko sawa, na humwambukizi mpenzi wako. Kwa HIV hiyo ni kweli kabisa. Lakini corona, mafua na RSV hupimwa kwa kijiti kinachoingizwa puani, na kilichoko puani leo sicho kitakachokuwepo Jumamosi.

Mimi chuo niliacha, kusoma sikuacha, kwa hivyo nivumilie kidogo. Mashine ya PCR hunakili vinasaba vya virusi, na kila mzunguko vinakuwa karibu mara mbili. Ikiviona kwenye mzunguko wa 20, vilikuwa vingi. Ikiviona kwenye wa 30, vilikuwa vichache karibu mara 1,000. Sasa tofauti hiyo kubwa inaweza kutokana na kitu kidogo tu, kama vile kijiti kutofika ndani kwa sababu ulikuwa unaruka ruka kwa kiti. Ama siku uliyoenda kupimwa. Virusi vya corona hujaa puani karibu na siku dalili zinapoanza. Wengi waliozidiwa na kukosa pumzi walifika hapo wiki moja hivi baadaye, virusi vikiwa vinapungua puani huku mapafu yamevimba kwa vita ya kinga yao wenyewe. Ndiyo maana deksamethasoni ilisaidia. Dawa hiyo haiui virusi, inatuliza uvimbe. Na bado majaribio ya RECOVERY kule Uingereza, Juni 2020, yalionyesha inapunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wale waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Si kwamba kiwango hakina maana. Madaktari wa New York waliangalia wagonjwa 678 wa corona waliolazwa mwaka 2020. Kati ya waliofika na virusi vingi, 35% walikufa. Kwa waliokuwa na vichache ilikuwa karibu 6%, na tofauti ilibaki hata umri na magonjwa mengine yalipozingatiwa. Hiyo ni nzito. Lakini hao walikuwa wameshalazwa tayari, na sita kati ya mia moja si watu wa kupuuza. Namba kama hiyo inamsaidia daktari wa wodi. Wewe uliyesimama Daraja Mbili na kikohozi chako haikwambii mengi.

Njoo hapa nyumbani. Kilifi, watafiti wa KEMRI waliwahi kufuata kaya 47 msimu mzima wa RSV, wakipima pua za kila mtu tena na tena, mgonjwa na mzima. Walipata maambukizi 205. Kati ya hayo, 86 hayakuwa na dalili yoyote. Na watoto wachanga walioambukizwa nyumbani, mara nyingi waliletewa na ndugu zao wakubwa, hasa wanaoenda shule. Yaani sisi.

Sasa kumbuka Juni 2021, Delta ilipotufikia. Tarehe 17 serikali ilifunga mambo katika kaunti 13, Kisii na Nyamira zikiwemo. Kafyu saa moja jioni, mazishi ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Tulilalamika sana, mazishi yetu unayajua. Lakini huko Guangdong, China, watafiti walikuwa wamekuta watu wa Delta wakiwa na virusi karibu mara 1,000 kuliko waliougua mwanzoni mwa 2020, siku walipogunduliwa. Mwezi uliofuata, katika mji wa Provincetown, Marekani, waliochanjwa walikutwa na virusi puani karibu sawa na wasiochanjwa. Visa vilikuwa 469, robo tatu hivi wamechanjwa, na hakuna aliyekufa. Pua zimejaa, makaburi hayakuchimbwa.

Kwa hivyo mimi naona hivi: kilichoko puani kinasema zaidi juu ya nani utamwambukiza kuliko wewe utaumia kiasi gani. Uko na miaka 21, unajisikia freshi, uko kwa matatu ya Keroka madirisha yamefungwa juu ya mvua ya saa tisa. Anayelipa ni magokoro mwenye sukari, ama mtoto wa miezi minne wa dada yako.

Na ule mtindo wa "alipimwa akapatikana na kidogo, mwacheni apumzike" ndio unanikera zaidi. Mzee anayehema haraka akiwa amekaa tu, anayechanganyikiwa, midomo imegeuka rangi, au mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hao ni wa hospitali sasa hivi. Usisubiri majibu.

Wikendi hii ukienda ushago na kikohozi, usiingie jikoni kwa magokoro. Vaa barakoa, toeni viti nje, chai mnywee hapo chini ya mti. Atauliza kwa nini umemkalia mbali. Mwambie ni homa.