MAHABUSU ANAYENGOJA KURUDISHWA KWAO

Askari wa zamu katika kituo cha polisi hapa Bujumbura hupokea watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayeshtakiwa kwa kosa. Habari zake ni nyepesi: iko hati ya mashtaka, yuko hakimu, na kifungo kikitolewa kina mwisho wake. Wa pili ni mgeni asiyekuwa na hati, aliyeamriwa kurudishwa kwao. Huyu hatumikii adhabu yoyote, anangoja tu. Je, angoje mpaka lini?

Swali hili si geni duniani. Hong Kong, ilipokuwa koloni la Waingereza, iliwafungia Wavietnamu waliofika kwa mashua katika makambi yenye seng'enge, na sheria yake iliruhusu wazuiwe mpaka warudishwe. Baadhi yao walikuwa watu ambao Vietnam haikukubali kuwapokea, kwa kuwa haikuwahesabu kuwa raia wake, nao wakakaa kizuizini kwa miaka. Mwaka 1996 Baraza la Malkia mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa koloni hilo, lilikata shauri ambalo yafaa kila askari alijue. Lilisema kwamba madaraka ya kumzuia mtu ili arudishwe hudumu kwa muda ule tu unaohitajiwa kwa kumrudisha. Ikidhihirika kwamba safari haiwezekani kwa muda wa haki, madaraka hayo yamekwisha. Tena, jukumu la kuthibitisha kwamba safari bado yawezekana liliwekwa juu ya mlinzi, wala si juu ya mahabusu. Mwenye kuulizwa ni yule aliyeshika ufunguo.

Burundi nayo ina sheria zake. Amri ya Machi 1989 ilipanga mambo ya kuingia, kukaa na kuondolewa kwa wageni. Novemba 2008 ikapitishwa sheria ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi. Na Novemba 2021 sheria ya uhamiaji. Kadhalika nchi yetu ilijiunga mwaka 1963 na Mkataba wa Geneva wa 1951, na baadaye na ule wa OAU wa 1969. Mikataba yote miwili yakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Basi kabla ya kumwita mtu mhamiaji haramu, sharti asikilizwe.

Haikuwa hivyo siku zote. Juni 2005 maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa Songore, mkoani Ngozi, walipakiwa katika malori na kurudishwa kwao baada ya serikali mbili kuwatangaza kuwa wahamiaji haramu. Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba maombi yao hayakuchunguzwa. Hatutaji jambo hilo ili kumlaumu askari aliyesimama kando ya lori. Yeye alitii amri. Lakini ni yeye aliyezitazama nyuso za watu wale, si waliotia sahihi.

Nasi Warundi twajua upande wa pili wa seng'enge. Tangu 1972 watu wetu wameishi katika makambi ya Tanzania, na mwishoni mwa 2012, kambi ya Mtabila ilipofungwa, zaidi ya 30,000 walirudishwa kwa muda wa wiki chache. Mwaka 2025 zamu ikageuka: makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuja kwetu, na wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Aliyesimama ukingoni kuwapokea alikuwa askari.

Kwa hiyo twataka jambo moja lisilo na gharama kubwa. Katika kila kituo kinachomzuia mgeni anayengoja safari, daftari lioneshe siku aliyoingia, amri iliyomzuia na aliyeitoa, kama amesikilizwa, na hatua iliyofikiwa kwa ubalozi wake. Kila juma karatasi hiyo ipelekwe kwa hakimu. Na askari anayepokea zamu asubuhi, asipoiona, awe na haki ya kumwuliza mkubwa wake bila kuhesabiwa kuwa mkaidi.