Wakimbizi wa Rwanda katika kitabu cha askari wa Burma



Mwezi wa saba 2018, askari wa inchi ya Burma, ambayo tangu 1989 wakubwa wake wanaiita Myanmar, walitoa kitabu juu ya watu wanaojiita Rohingya. Ndani ya kitabu mlikuwa picha nyeusi na nyeupe, kama ya kizamani: kundi kubwa la watu wanatembea njiani, migongo imeinama. Chini yake waliandika kwamba hao ni Wabengali wakiingia Burma wakati wa utawala wa Waingereza. Waandishi wa shirika la habari la Reuters wakaichunguza. Kumbe picha ilipigwa mwaka 1996, tena kwa rangi, na Martha Rial wa gazeti la Pittsburgh Post-Gazette la Marekani. Watu wale ni wakimbizi wa Rwanda. Waliondolewa rangi ili waonekane wa zamani, wakapewa kabila lisilo lao na safari wasiyoifanya.

Watu wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa wakimbizi hao ni nani.

Sasa sikieni na upande wa pili. Mwezi wa nane 2017 naibu waziri mkuu wa Uturuki, Mehmet Şimşek, alitaka kuwatetea hao hao Rohingya. Akatangaza picha nne katika intaneti, akiomba dunia iangalie mauaji ya Burma. Katika moja watoto wadogo wanalia juu ya maiti ya mama yao. Picha hiyo ilitoka Rwanda, mwezi wa saba 1994. Nyingine ilitoka Aceh, Indonesia. Alipoonyeshwa kosa aliziondoa, lakini zilikuwa zimekwisha kutembea.

Basi adui wa Rohingya alichukua wakimbizi wa huku kwetu akawafanya wavamizi, na rafiki yao akachukua maiti ya huku kwetu akaifanya maiti ya Burma. Hakuna hata mmoja aliyewauliza wenyewe. Na uongo wa rafiki ulileta hasara kubwa kuliko alivyofikiri. Siku chache baadaye Aung San Suu Kyi, mkubwa wa serikali ya Burma wakati ule, alizungumza kwa simu na rais wa Uturuki. Kisha ofisi yake ikatangaza kwamba kuna rundo kubwa la habari za uongo, na mfano wake ulikuwa picha zile za naibu waziri. Vijiji vilikuwa vinaungua kweli, watu walikuwa wanauawa kweli, na serikali ilipata mahali pa kujificha.

Tueleze kidogo watu hawa ni nani. Wanakaa jimbo la Rakhine, zamani Arakan, kando ya mto Naf unaotenga Burma na Bangladesh. Wengi wao ni Waislamu katika inchi ya Wabudha. Burma ilipata uhuru wake tarehe 4 mwezi wa kwanza 1948. Mwaka 1982 ikatoa sheria ya uraia inayosema wenyeji kamili ni makabila yaliyokuwa ndani kabla ya vita vya kwanza na Waingereza, mpaka wake ukiwa mwaka 1823. Serikali inahesabu makabila 135, Rohingya hawamo. Wamekwisha kukimbia mara nyingi: mwaka 1978 karibu watu 200,000, mwaka 1991 na 1992 karibu 250,000. Tarehe 25 mwezi wa nane 2017 wapiganaji wa kundi la ARSA walishambulia vituo vya polisi karibu 30. Askari wakajibu kwa kuchoma vijiji, na watu zaidi ya 700,000 wakavuka kuingia Bangladesh.

Kazi ya magazeti ilikuwa imeanza mbele ya kazi ya bunduki. Mwezi wa sita 2016 wizara ya habari ya Burma iliagiza magazeti ya serikali yasiandike tena jina Rohingya, yaandike tu watu wa dini ya Kiislamu wa Rakhine. Mwisho wa mwaka ule gazeti la serikali, Global New Light of Myanmar, lilichapa maoni yanayosema juu ya mwiba unaopaswa kuondolewa, na juu ya viroboto vya watu. Watu wa Katanga, someni neno hilo tena. Mtu akiisha kuitwa kiroboto, anayemponda anaona anafanya usafi. Mwaka 2017 serikali ikaonya waandishi wasiwaite wale wa ARSA waasi, bali magaidi tu. Habari za kila siku zikawa moja: magaidi Wabengali wanachoma nyumba zao wenyewe.

Wakubwa waliwachukua waandishi wa inchi nyingine kwenda kuona, na huko wakaonyeshwa picha za wanawake waliojifunika vitambaa kama vya meza, wakiwasha moto paa za nyumba. Waandishi waliikumbuka sura ya mwanamke mmoja. Walikuwa wamemwona saa chache mbele, katika shule walimokaa Wahindu waliokimbia makwao. Katika safari ile ile Jonathan Head wa BBC alikuta kijiji cha Waislamu kinaungua, na vijana Warakhine wanatoka na mapanga, wanasema wao ndio waliowasha.

Wengine walilipa. Wa Lone na Kyaw Soe Oo, wana wa Burma wenyewe, walikuwa wanatafuta habari za wanaume 10 wa Rohingya waliouawa katika kijiji cha Inn Din. Walikamatwa mwezi wa kumi na mbili 2017, wakahukumiwa miaka saba. Walitoka kwa msamaha mwezi wa tano 2019, baada ya siku zaidi ya 500. Askari saba waliohukumiwa miaka 10 juu ya mauaji yenyewe walikuwa wamekwisha kuachiliwa bila kumaliza hata mwaka mmoja. Aliyeandika alikaa gerezani kuliko aliyeua.

Vipi magazeti ya inchi nyingine? Kule Dhaka waliandika kwanza kama ndugu, wakikumbuka mwaka 1971 wakati wao wenyewe, karibu milioni 10, walipokimbilia India. Serikali hata hivyo haikutaka neno mkimbizi. Iliwaita raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu, ili isisahaulike ni nani anapashwa kuwarudisha. Miaka ikapita, kurasa zikageuka: dawa ya kulevya ya yaba, miti ya milima iliyokatwa, mshahara wa kibarua ulioshuka Cox's Bazar. Juu ya mshahara hatucheki. Mtu wa kazi anayepunguziwa malipo ya siku ana haki ya kulalamika. Lakini gazeti lingetaja pia jina la anayepunguza, maana mkimbizi hashiki daftari la malipo.

India ilikuwa na Rohingya wanaokisiwa 40,000, na mwezi wa nane 2017 serikali ya Delhi ikaandikia majimbo yake yawatafute na kuwarudisha. Magazeti mengi ya huko yalilichukua kama jambo la polisi, na msomaji akaona neno usalama mara nyingi kuliko neno mtoto.

Kurasa za Beijing zilizungumza juu ya utulivu na maendeleo. Msomaji afungue ramani. Katika jimbo hilo hilo la Rakhine kuna bandari ya Kyaukphyu, na kutoka hapo mabomba yanakwenda mpaka Yunnan: la gesi tangu 2013, la mafuta tangu 2017. Sisi watu wa shaba na kobalti tumezoea kusoma habari za namna hii, ambazo bomba linatajwa kwa kilomita zake na watu wa mahali wanaitwa hali.

Ulaya na Marekani waliandika wazi juu ya mauaji, na tunawashukuru, maana tarehe 11 mwezi wa tisa 2017 mkubwa wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa alisema ni mfano kamili wa kusafisha kabila. Lakini wino mwingi ulimwagika juu ya mama mmoja, Aung San Suu Kyi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1991: kama kweli amebadilika, kama picha yake ishushwe ukutani. Chuo kimoja cha Oxford kiliishusha. Waingereza wenyewe, walioleta vibarua kutoka Chittagong, na katika vita vya 1942 wakawapa Waislamu wa Arakan silaha huku Warakhine wengi wakisimama na Wajapani, walipata mara nyingi mstari mmoja, kana kwamba ugomvi uliota wenyewe kama uyoga.

Tumesimama na habari ya mbali, na mtu atatuuliza inatuhusu nini. Sheria ya Burma ni ya 1982. Sheria ya Zaire ilitoka mwaka mmoja mbele, tarehe 29 mwezi wa sita 1981, ikisema mwenye inchi ni yule ambaye kabila lake lilikuwa ndani tarehe 1 mwezi wa nane 1885, na watu waliopewa uraia kwa sheria ya 1972 wakanyang'anywa. Ilibidi kungoja mpaka 2004 tarehe hiyo isogezwe hadi siku ya uhuru. Na mwaka 1992 na 1993, hapa hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kwa kazi ya Union Minière na ya reli, waliitwa bilulu. Wadudu. Halafu tuliwaona maelfu kwa maelfu kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi, pamoja na watoto na masufuria, wakingoja treni ya kwenda katika jimbo ambalo wengine hawakulijua. Wengi walifia pale. Neno lilitembea kwanza, treni ikafuata.

Gambia, inchi ndogo ya Afrika, ndiyo iliyoipeleka Burma mbele ya korti ya The Hague mwezi wa kumi na moja 2019. Mwezi wa nane 2024 Rohingya waliokuwa wanakimbia Maungdaw walipigwa tena kando ya mto Naf, safari hii kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Watu karibu milioni moja walikuwa wamekwisha kujaa katika kambi za Cox's Bazar wakati huo, na magazeti mengi yaliwapa nafasi ndogo.

Katika karatasi yetu hii tutaandika Rohingya, kwa sababu ndivyo wanavyojiita. Na picha haitaingia humu bila mahali, mwaka, na jina la aliyeipiga. Mwenye picha za gare ya Likasi za miaka ile azilete, na nyuma yake aandike tarehe na jina la mtaa.