Ukiamkiwa Shikamoo, Itikia Marahaba

Dada zangu wa Unguja, Pemba na popote mlipo, nawaandikia kutoka Mtendeni. Si Mtendeni yenu ya Mji Mkongwe, hii ni Mtendeni ya Tabora, huku bara, kwenye njia ya zamani ya misafara. Nina cherehani tatu, wanafunzi wawili wa ushonaji na miaka 38. Umri nimeutaja makusudi, maana ndio ugomvi wangu wa leo.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kwenda sokoni kununua zipu. Dereva ana ndevu, ana sauti nzito, nikajua huyu rika langu. Akaniambia, "Shikamoo mama." Wallahi nilitaka kushuka. Nikamjibu, "Shikamoo ya nini? Kwani mimi na wewe nani mkubwa?" Kijana wa watu akanyamaza njia nzima. Tulipofika akanirudishia chenji kwa mikono miwili, kama anampa bibi yake.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Yule kijana alinipa heshima, mimi nikaipokea kama tusi. Na siko peke yangu. Wanafunzi wangu wakiwaamkia wateja, kila siku nasikia, "We mtoto, usinizeeshe!" Tumewafundisha watoto kwamba kumheshimu mwanamke ni kumkosea. Halafu jioni tunakaa barazani kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Mimi nasema hivi: kuficha umri si urembo, ni hasara. Hasara ya pesa, hasara ya afya, na hasara ya shukrani kwa Mola.

Nianze na pesa, maana ndiyo kazi yangu. Mwaka jana tundu la sindano lilianza kunipotea. Nikalaumu uzi, nikalaumu taa, nikalaumu sindano za siku hizi. Nikawa namwambia mwanafunzi wangu, "Hebu nitungie uzi, mimi nina haraka." Haraka yenyewe ilidumu miezi minne. Siku moja nikamkatia mama wa bibi harusi gauni lake. Alipokuja kulijaribu, halifungi. Unajua nilimwambia nini? "Dada, umenenepa." Akaondoka kichwa chini. Jioni mwanafunzi wangu akafungua daftari la vipimo, akanionyesha kwa adabu: kiuno kimeandikwa 38, mimi nilikata 36. Hakunenepa mtu. Ni macho yangu tu, na kiburi changu.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikanunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Kisha nikaenda kupimwa macho. Kumbe haya ni maumbile tu. Kadiri umri unavyokwenda, lenzi ndani ya jicho hukakamaa, haiwezi tena kujirekebisha vizuri kutazama kitu cha karibu. Watu wengi huanza kuona hivyo karibu na miaka 40, mimi yakanitangulia kidogo. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Na hiyo miwani ilinigharimu chini ya bei ya mita moja ya kile kitambaa nilichokiharibu.

Hapo sijataja zile pesa nyingine tunazozimwaga. Tunanunua mkorogo tuonekane wabichi, na hali vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu kwa sababu ya madhara yake. Tunajipaka piko nywele za mbele zikipata mvi tatu, wengine ngozi inaungua na kuvimba kwa ile kemikali, na bado mwezi ujao wanarudia. Sisemi msijipambe. Jipambeni! Hina, udi, dera jipya, mimi mwenyewe ndiyo biashara yangu. Ila kujipamba ni kitu kimoja, na kujikana ni kitu kingine.

Sasa afya, na hapa sitanii tena. Nina mteja wangu, amenikubalia nisimulie bila jina. Alikuwa anatuambia ana miaka 44. Ukweli ana 52, na hedhi ilishakoma zaidi ya mwaka mzima. Siku moja akaona damu tena. Dada zangu, alifurahi. Alikuja dukani akaninong'oneza, "Ujana umenirudia." Na mimi nikampigia vigelegele, Mungu anisamehe.

Haukuwa ujana. Mwanamke ambaye hedhi imekoma miezi 12 kamili, kisha akaona damu, hata tone moja, anatakiwa kwenda hospitali. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani, na hakuna wa kujua ila kwa kupimwa. Mwenzetu alikaa miezi minane. Kwa nini? Kwa sababu kwenda hospitali kungemlazimu kutaja umri wake mbele ya watu kwenye foleni. Alhamdulillah, yupo, ametibiwa na anaendelea kutibiwa. Lakini daktari alimwambia wazi kwamba angekuja mapema, safari ingekuwa fupi.

Hiyo ndiyo bei ya uongo wa miaka minane.

Hedhi kwa wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo yapo mambo yake: joto linakupanda ghafla unajipepea na kanga wakati wengine wamevaa sweta, usingizi unakimbia, hasira zinakuja bila sababu, mwezi huu unaona siku zako, mwezi ujao huoni. Mama zetu walipita humo kimya kimya, na sisi tunataka kupita kimya kimya. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa na makungwi. Huyu anayefunga ukurasa nani anamfunda? Hakuna. Na kwa kuwa hakuna anayesema, tunadhani tumerogwa. Halafu Shirika la Afya Duniani linapendekeza wanawake tuanze kupimwa saratani ya mlango wa kizazi tukifika miaka 30. Thelathini, si sitini! Ukijiita msichana mpaka 50, utakwenda kupimwa lini?

Najua jibu lenu. Mtaniambia, "Wewe unasema tu, mume akisikia neno makamo ataongeza mke." Mwenzangu, mume aliyeamua kuongeza hahesabu mikunjo yako, anahesabu mfuko wake. Nimeshona nguo za harusi za wake wa pili ambao ni wakubwa kuliko wale wa kwanza. Na huyo mume mwenyewe anajua umri wako, alikuoa lini kama si wewe unajua? Yeye akiota mvi tunasema amepata busara. Sisi tukiota mvi tunasema tumechakaa. Na wa kwanza kusema hivyo si wanaume, ni sisi wenyewe, kwenye shughuli, tukiangaliana kwa pembe ya jicho.

Na dini yetu je, inaona aibu na umri? Fungua Suratul Ahqaf, aya ya 15. Mwenyezi Mungu ameutaja umri wa miaka 40 kwa namba kabisa, akatuonyesha mja akiufikia na kumwomba Mola amwezeshe kushukuru neema. Mtume wetu (S.A.W.) alipewa utume akiwa na miaka 40. Na usiku ule aliporudi anatetemeka, alikimbilia kwa nani? Kwa Bibi Khadija (r.a.), mfanyabiashara mwenye misafara yake, ambaye kwa riwaya iliyo maarufu wakati huo alikuwa na miaka 55. Hakutafutwa binti wa miaka ishirini. Alitakiwa mtu mzima wa kusema neno la utulivu, na lilikuwepo.

Na nyinyi watu wa visiwani mna mfano wenu hapo hapo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880. Alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi sauti yake mwaka 1928. Fanyeni hesabu. Angekubali kwamba wakati wake umepita, nani angemjua leo?

Hata mji wetu huu tunausifia kwa uzee wake. Wageni wanakuja Tabora kuona tembe la Kwihara alilokaa Livingstone na miembe ya njia ya misafara. Mwembe mzee unapigwa picha. Mwanamke wa miaka 45 anapigwa vita.

Kwenye ushonaji, nguo ya mtu mzima naiachia akiba ya inchi moja kwenye mshono. Si kwamba namtabiria unene, namjua kuwa yu hai. Mwili ulio hai hubadilika, na nguo nzuri ni ile inayoweza kufunguliwa ikaongezwa. Kwa hiyo mkija kwa fundi, msimtajie vipimo vya mwaka 2015. Simameni mpimwe. Mkienda hospitali, tajeni mwaka wa kuzaliwa kwa sauti. Na mabinti zenu waambieni mnayoyapitia, wasije wakadhani wao pia wamerogwa.

Juzi nimempanda tena yule kijana wa bodaboda. Aliniangalia kwa woga, akasita, mwisho akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Nauli hakupunguza hata shilingi mia. Lakini alisubiri mpaka nikavuka barabara.