Deni la vita: wafu wa Desemba 9 Lubumbashi wangali wanangoja

Kila tarehe 4 Januari, nchi nzima ya Congo inapumzika kuwakumbuka mashahidi wa uhuru, wale waliouawa Léopoldville mwaka 1959. Tarehe 9 Desemba si sikukuu. Watu wanaamka, wanaenda kazini na sokoni, na vijana wengi hata wa Lubumbashi kwenyewe hawawezi kusema ni nini kilichotokea siku hiyo.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 9 Desemba 1941, askari wa Force Publique waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hesabu ya wakoloni ilitaja karibu watu 50 waliokufa. Masimulizi ya wafanyakazi na watoto wao yamekuwa yakitaja idadi kubwa zaidi. Watu hao hawakuwa na bunduki. Walikuwa wanadai nyongeza ya mshahara.

Kuna desturi mbaya katika kueleza maasi ya Congo. Kila mara sababu inatafutwa mbali: dini ya ajabu, uchawi, ukabila, wachochezi kutoka nje. Wabelgiji walisema hivyo zamani, na hata leo wako Wacongo wanaorudia maneno hayo bila kujua yalitoka wapi. Lakini ukifuata kwa karibu maasi ya miaka ya vita kuu ya pili, unakuta sababu iko wazi kabisa. Iko kwenye mshahara, kwenye bei ya kitambaa, na kwenye idadi ya siku ambazo mtu alilazimishwa kufanya kazi.

Ujerumani iliivamia Ubelgiji mwezi Mei 1940. Serikali ya Ubelgiji ikakimbilia London, na kitu kikubwa iliyobaki nacho mkononi ni Congo. Kuanzia hapo koloni likawa ndiyo mfuko wa kulipia vita. Shaba ya Katanga ikaenda kwa Waingereza, uranium ya Shinkolobwe ikaenda Marekani, na askari Wacongo wakapelekwa hadi Abisinia kupigana na Waitalia. Waliteka Asosa, wakafika Saio, na mwezi Julai 1941 jenerali wa Italia akajisalimisha. Ushindi huo Wabelgiji waliusifu sana. Mwaka 1942 Wajapani walipochukua mashamba ya mpira ya Asia, Bulamatari akawarudisha watu msituni kutafuta mpira wa porini. Wazee waliokuwa wamepona wakati wa Leopold wa Pili walikuwa bado hai, na mikono iliyokatwa walikuwa wanaikumbuka. Kwa wanakijiji, siku za kazi ya lazima ziliongezwa hadi 120 kwa mwaka. Theluthi ya mwaka! Na shamba la nyumbani lilime nani?

Mjini hali ilikuwa ya namna nyingine. Bidhaa za Ulaya zilipungua, bei zikapanda, mshahara wa mweusi ukabaki nyuma. Mwaka huohuo wa 1941 wafanyakazi wazungu wa Union Minière walijiunga katika chama chao, wakabanana na kampuni, wakapata nyongeza. Hakuna aliyewapiga risasi. Wafanyakazi weusi waliyaona hayo yote. Waliokuwa wanawahudumia wazungu hao nyumbani na kufanya nao kazi kiwandani walijua vizuri kwamba mgomo unazaa franga. Nao wakagoma.

Gavana wa Katanga, Amour Maron, alikuja uwanjani mwenyewe. Aliyesema kwa niaba ya wafanyakazi alikuwa karani, Léonard Mpoyi, mtu wa kusoma. Masimulizi ya Lubumbashi yanamweka Mpoyi kati ya wa kwanza kuanguka. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, alipoichora historia ya nchi hii katika miaka ya 1970, hakuyasahau mauaji ya Union Minière. Kwa muda mrefu picha za wachoraji kama yeye, zilizokuwa zinatundikwa kwenye sebule za watu wa kawaida, zilifanya kazi ambayo ingefanywa na kitabu cha shule.

Je, risasi zilimaliza neno? Hapana. Mwezi Februari 1944, askari wenyewe waliasi mjini Luluabourg. Uvumi ulikuwa kwamba chanjo waliyotaka kuchomwa ni sumu. Wakubwa wao walicheka uvumi huo, lakini mtu hawezi kuogopa sindano ya mkubwa wake namna hiyo kama imani haijakwisha kitambo. Hawa ni watu walioambiwa kwamba wanapigania uhuru wa dunia, na nyumbani walikuwa wanachapwa fimbo.

Mwaka huohuo msitu nao ukawaka, katika maasi yanayoitwa ya Masisi na Lubutu. Bushiri, mtu wa Kitawala, alijitangaza kuwa mjumbe wa Yesu na kuwaambia Wakumu kwamba utawala wa wazungu umefika mwisho. Serikali iliandika kwamba ni wazimu wa dini. Ni kweli Kitawala kilikuwa dini, kilichotoka Rhodesia kikapitia Katanga. Lakini Wakumu walikuwa wanatafutishwa mpira na kutengenezeshwa barabara kwa nguvu, na mtu aliye katika hali hiyo hahitaji nabii ili ajue kwamba amechoka. Nabii alimpa saa ya kuondoka tu. Jeshi liliwakandamiza bila huruma, na wafuasi wengi wa Kitawala wakahamishiwa mbali na kwao.

Baada ya hapo Wabelgiji walilegeza kidogo. Mwaka 1946 waliruhusu vyama vya wafanyakazi weusi, chini ya uangalizi mkali. Makala za walowezi wenyewe zilikuwa zimekusanywa mwaka 1945 katika kitabu kilichotoka Elisabethville, jina lake kwa Kifaransa lina maana ya "madeni ya vita". Maana yake walijua kwamba wanadaiwa. Walichofanya ni kutoa kidogo kidogo, kwa kuchelewa, kwa wachache waliovaa suti na kusema Kifaransa kizuri. Mwaka 1959, Léopoldville ilipowaka, wengi wao walishangaa eti fujo imetoka wapi.

Masisi ya leo inaishi jambo linalofanana na hilo. Rubaya iko humo, na coltan ya Rubaya inatafutwa na dunia nzima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, baada ya kuishika Rubaya mwaka 2024, ilikuwa inakusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kwa kodi ya madini hayo, na kwamba raia walilazimishwa salongo ya kupanua barabara ili mzigo upite. Makundi mengine yenye silaha, na hata watu wa serikali, nao wana vizuizi vyao barabarani. Mwanamke anayetoka shambani na kikapu cha mihogo haulizwi kabila lake kwanza. Anaombwa franga. Lakini ukisikiliza mijadala ya redioni, vita hivi vinaelezwa kwa kabila peke yake, kama vile Bushiri alivyoelezwa kwa dini peke yake.

Mwaka 2025 karatasi zilitiwa sahihi Washington na Doha. Zinasema juu ya mipaka, majeshi, wafungwa, na biashara ya madini. Siku za salongo hazikuwekewa hesabu, wala franga za kwenye vizuizi.

Kuhusu Lubumbashi, kuna jambo moja linalowezekana bila kungoja mtu wa nje. Union Minière ilikuwa kampuni ya kuandika. Kila mfanyakazi alikuwa na faili lake, na urithi wa kampuni hiyo ulipita mikononi mwa Gécamines. Mpoyi anajulikana kwa jina. Wenzake waliokufa naye nao walikuwa na majina, namba na vijiji walivyotoka. Mkoa unaweza kuwatuma wanafunzi wachache wa historia wakae na karatasi hizo miezi mitatu, halafu majina yaandikwe ukutani pale uwanjani, kabla ya Desemba 9 nyingine kupita.