Moyo ukisimama mtaani, mashine iko wapi?

Juni 12, 2021 jijini Copenhagen, Christian Eriksen alianguka ghafla Denmark ikicheza na Finland. Moyo ulikuwa umesimama. Alikandwa kifua, akastuliwa moyo kwa umeme mara moja, akazinduka. Mwaka uliofuata alikuwa akisakata boli Brentford. Miaka 18 kabla yake, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, na hakuamka tena.

Sasa jiulize: beste wako akianguka kwenye jimu au mechi ya mtaani, nani ana mashine hiyo?

Inaitwa AED. Ni ndogo, unaibeba kwa mkono. Ukiiwasha inaongea: inakuelekeza ubandike vibandiko viwili kwenye kifua kitupu, kisha inapima mapigo yenyewe. Moyo ukiwa unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, inakuagiza uwaondoe watu wote karibu na mgonjwa, halafu inatoa umeme. Kama mapigo si ya aina hiyo, inakataa. Kwa hivyo wacha uoga eti utamuua mtu.

Shida ni muda. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hebu piga hesabu na jam ya Thika Road. Ambulensi ikifika baada ya nusu saa, itakuta nini?

Katiba yetu, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini moyo haungoji ufike kwa geti ya hospitali. Unasimama stejini, shuleni, kanisani. Kaunti hukagua vifaa vya kuzima moto kabla ya kutoa leseni. Mbona zisidai AED kwenye viwanja, jimu na maduka makubwa?

Na mashine bila mikono haisaidii. Mtu akianguka, haitikii wala hapumui kawaida, mwambie mmoja apige 999 au 112, mwingine akimbilie AED. Wewe anza kukanda katikati ya kifua, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usikome hadi mashine ikuambie au wahudumu wafike.

Ukienda kulipia jimu mwezi huu, muulize meneja AED iko wapi na nani anajua kuitumia. Wateja wengi wakiuliza, atainunua.