Anayekiacha kiti kwa hiari asikirudie kwa gharama yetu

KUTOKA SONGEA
Na Benedikta Mapunda

Jumamosi ya Januari 13, 2018, sisi wa Songea Mjini tulipiga kura kwa sababu ya msiba. Mbunge wetu, Leonidas Gama, aliyechaguliwa mwaka 2015, alikuwa amefariki dunia Novemba 24. Siku 50 baadaye masanduku ya kura yakarudi vituoni, na Dk. Damas Ndumbaro wa CCM akachaguliwa.

Siku hiyo hiyo walipiga kura pia wenzetu wa Singida Kaskazini na Longido. Singida Kaskazini ni kwa sababu Lazaro Nyalandu alijiuzulu ubunge na kuihama CCM. Longido ni kwa sababu mahakama ilitengua ushindi wa Onesmo Nangole wa Chadema. Kifo, kujiuzulu, hukumu: sababu tatu zisizofanana hata kidogo, lakini mbele ya sheria yetu zote ni sawa. Ibara ya 76 ya Katiba inasema mbunge wa jimbo akifariki, akijiuzulu au akikoma kuwa mbunge kwa sababu yoyote isiyohusu kuvunjwa kwa Bunge, uchaguzi utafanyika. Nafasi hiyo imeachwa wazi na nani, na kwa nini, Katiba haiulizi.

Mimi nasema umefika wakati iulize.

Mwezi mmoja tu baadaye, Februari 17, ilikuwa zamu ya Kinondoni na Siha. Kinondoni, Maulid Mtulia alikuwa mbunge wa CUF. Akajiuzulu, akahamia CCM, akasimamishwa kugombea kiti kile kile alichotoka kukiacha, akashinda. Siha, Dk. Godwin Mollel alifanya vivyo hivyo kutoka Chadema. Mwaka huo huo Mwita Waitara akafuata Ukonga na Julius Kalanga Monduli. Mwananchi wa Ukonga aliitwa kituoni katikati ya muhula kumchagua mtu yule yule aliyekwisha kumchagua, kwa kuwa mtu huyo ameamua kubadili rangi ya shati.

Na tusidhani gharama ya uchaguzi mdogo ni karatasi za kura na posho za wasimamizi peke yake. Februari 16, 2018, mkesha wa uchaguzi wa Kinondoni, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wakiandamana kudai hati za viapo vya mawakala wao. Uchaguzi ule usingekuwapo kama mbunge aliyekuwapo angemaliza miaka yake mitano. Kila ninapousikia mjadala wa uchaguzi mdogo ukiendeshwa kama hesabu ya vyama kupata na kukosa, namkumbuka binti yule.

Hapa kwetu gharama ina sura nyingine, nayo wanaopanga ratiba Dodoma huenda hawaioni. Januari Songea ni masika. Nusu ya mtaa haipo nyumbani: watu wako mashambani Namtumbo, Madaba na Mgazini, wanapalilia mahindi na kuweka mbolea ya kukuzia. Mtu wa Lizaboni aliyehamia shambani na familia yake hawezi kuacha palizi, alipe nauli kwenda na kurudi, ili apige kura ya siku moja. Msiba ukitulazimisha, tutakwenda. Peramiho, jirani zetu, walifikwa na jambo hilo hilo: mbunge wao, Jenista Mhagama, alifariki Desemba 2025, wiki sita tu baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29. Hakuna anayeweza kulalamikia uchaguzi wa namna hiyo, kwa kuwa mauti hayapangi ratiba. Lakini anayehama chama huipanga ratiba yake mwenyewe, kisha mkulima ndiye anayeambiwa aache jembe.

Kwenye kata mambo ni mazito zaidi, ingawa hayaandikwi sana magazetini. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ndiye anayekaa kwenye Baraza la Madiwani bajeti ya manispaa inapopitishwa. Barabara ya mtaa wenu isiposemewa na yeye, haina msemaji mwingine mezani pale. Novemba 26, 2017 kata 43 nchini zilirudia uchaguzi, na miongoni mwa madiwani walioacha viti walikuwamo waliohama vyama. CCM ilichukua kata 42. Chadema ikabaki na Ibighi, Rungwe. Malalamiko ya siku ile ndiyo yaliyoifanya Chadema isusie uchaguzi wetu wa Januari, nasi wa Songea tukapewa karatasi ya kura isiyo na chama kikuu cha upinzani.

Sisemi uchaguzi mdogo ufutwe. Wapo wanaotaka chama kiteue tu mrithi wa kiti, na hao siwaungi mkono, maana kiti ni cha wapiga kura. Wala kiti kisikae wazi muda mrefu. Banissa, kaskazini mwa Kenya, mbunge wao alifariki Machi 2023, na ingawa Katiba yao inataka uchaguzi ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi, Tume yao ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Walipiga kura Novemba 27, 2025. Zaidi ya miaka miwili bila mbunge. Hilo nalo ni dhuluma.

Ninachotaka ni kifungu kimoja. Mbunge au diwani aliyejiuzulu kwa hiari asiruhusiwe kugombea katika uchaguzi mdogo uliosababishwa na kujiuzulu kwake. Asubiri uchaguzi mkuu.

Wapo watakaosema namnyima mtu haki yake ya kuchaguliwa. Haki hiyo aliitumia, akachaguliwa, akala kiapo cha miaka mitano. Uhuru wa kuhama chama anabaki nao, na uhuru wa kugombea tena anabaki nao. Kama dhamiri ndiyo iliyomwondoa, dhamiri itasubiri. Nakiri kwamba Katiba yetu inambana mbunge mkweli, kwa kuwa akiacha chama amepoteza kiti, na mgombea binafsi bado hatumruhusu, licha ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha kuamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Lirekebishwe nalo. Lakini kifungu ninachokidai hakihitaji kulisubiri hilo.

Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ni ya mwaka 2024, bado mpya, na kama Katiba nayo itahitaji kuguswa, basi iguswe. Wabunge wa Ruvuma, Songea Mjini na Peramiho mkitangulia, majimbo yenu yanajua uchaguzi wa msiba ulivyo. Pelekeni hoja hii bungeni.