Mzio Mkali Haungoji Vidonge

Ndugu msomaji, wako watu ambao wakila kamba au korosho huwashwa na kutoka vipele, kisha hali ikatulia. Lakini mzio mkali ni jambo jingine. Ndani ya dakika chache midomo na ulimi huvimba, sauti hukauka, pumzi hubana, na mtu huweza kutapika, kuona kizunguzungu au kuzimia. Huweza pia kusababishwa na dawa au kuumwa na nyuki.

Zionekanapo dalili hizo, usingoje vidonge vya mwasho vifanye kazi. Vidonge hutuliza ngozi. Havifungui koo wala havipandishi presha iliyoanguka. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, ichomwayo kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mkimbize mgonjwa hospitali. Mlaze chali, miguu juu. Akihema kwa shida, aketi. Akitapika au akizimia, alale ubavu. Asisimamishwe wala asitembezwe, kwani moyo waweza kusimama ghafula. Apatapo nafuu, asiharakishwe kurudi nyumbani: dalili huweza kurejea baada ya saa kadhaa.

Nanyi akina mama, mzio wa mtoto usiwe siri. Mwalimu wake aujue, na mpishi wa shughuli aujue kabla ya sahani kupakuliwa.